Bosi Wako ni wa Aina Gani?

Wenzangu wa kalamu, leo nianze na habari ya mwandishi mwenzetu. Mwaka 1929 mama mmoja wa Kimarekani, Isabel Briggs Myers, mwenye watoto wadogo nyumbani na asiyejulikana na yeyote katika ulimwengu wa vitabu, aliingia shindano la riwaya za upelelezi akashinda. Riwaya yake, Murder Yet to Come, ikachapishwa 1930, na zawadi aliyopata ilikuwa hela ya maana. Mwaka 1934 akatoa ya pili, Give Me Death. Hiyo siipigii debe. Inahusu ukoo wa Wazungu wa kusini mwa Marekani wanaojiua mmoja baada ya mwingine, kisa wamedokezwa kwamba huenda wana damu ya mtu mweusi. Ndiyo, umesoma sawasawa.

Baadaye mama huyu alitunga kitu kingine, na hicho kimepita katika mikono ya watu wengi kuliko riwaya za waandishi wote tunaowahusudu. Alitunga mtihani wa tabia. Ule wa herufi nne.

Kama umewahi kuajiriwa kwenye ofisi yenye wafadhili, au kwenye kampuni inayopenda kwenda na wakati, huenda umeshakutana nao. Unapewa maswali mengi ya kuchagua, unaambiwa hakuna jibu la kukosa, na mwisho unakabidhiwa herufi zako nne. Ya kwanza inasema nguvu unazipata wapi: nje, katikati ya watu, au ndani, ukiwa peke yako. Ya pili inahusu unavyopokea habari: unaamini kile unachokishika, au kile unachokihisi kwa mbali. Ya tatu ni unavyoamua, kwa hesabu au kwa moyo. Ya nne ni unavyoishi, kwa ratiba au kadiri siku itakavyokuja. Mbili mara mbili, mara mbili, mara mbili: aina 16 za binadamu. Wote tumo humo, kuanzia Papa wa Roma hadi mpiga debe wa stendi ya Kilombero.

Isabel hakusomea saikolojia. Shahada aliyoipata 1919 katika chuo cha Swarthmore ilikuwa ya mambo ya siasa. Aliyeanza na aina za watu ni mama yake, Katharine Cook Briggs, ambaye alikuwa na mazoea ya kuwachambua watu na kuandika madaftarini. Mwaka 1923 Katharine alisoma kwa Kiingereza kitabu cha Carl Gustav Jung kuhusu aina za watu, kilichotoka kwa Kijerumani 1921, akaona huyu bwana kamzidi, akaweka kando ya kwake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, wanawake wa Marekani wakaanza kuingia viwandani na maofisini kwa wingi, na Isabel akajiuliza: kila mmoja apewe kazi gani ili aifurahie na asigombane na mwenzake? Ndipo akakaa chini kutunga maswali. Mtihani ulichapishwa rasmi 1962, na kuanzia 1975 ukawa biashara kubwa. Yeye mwenyewe alifariki 1980.

Sasa hapa ndipo habari inapoingia kwetu, na nashangaa kwa nini wakufunzi wa semina hawaigusi kabisa.

Jung alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, Mswisi. Miaka minne tu baada ya kutoa kitabu chake cha aina za watu alipanda meli Uingereza, na Novemba 1925 akashuka Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 50. Alifuatana na Mwingereza Helton Godwin Baynes, yule yule aliyekifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza, na kijana wa Kimarekani, George Beckwith. Huku huku wakaungana na bibi wa Kiingereza, Ruth Bailey. Walikwenda kwa garimoshi hadi Nairobi, wakatembelea tambarare za Athi, kisha wakaendelea hadi mwisho wa reli ya siku hizo, mahali palipoitwa Sikstifoo, yaani Sitini na Nne. Ndipo mji wa Eldoret ulipo. Kutoka hapo magari hadi Kakamega, halafu mguu kwa mguu na wapagazi hadi Mlima Elgon, wakapiga mahema na kukaa huko kwa majuma kadhaa.

Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, basi watu wakamwita Mzee. Alizungumza nao kwa Kiswahili cha kubahatisha, kamusi mkononi. Karibu kila siku alikaa nao kwenye shauri, na alichotaka sana kusikia ni ndoto zao. Hakupata kitu. Mzee mmoja wa huko, mganga, alimweleza kwamba zamani wao walikuwa wakiota, na ndoto ziliwaonya juu ya vita, maradhi na mvua. Tangu Wazungu waje, hapana haja ya kuota tena, kwa sababu Bwana DC anajua kila kitu. Mimi nimelirudia neno hilo mara nyingi kichwani. Yule mzee alikuwa analia au alikuwa anamkejeli mgeni? Jung aliona huzuni tupu. Sisi tuliokulia huku tunajua wazee wetu wanavyoweza kumjibu mkubwa kwa adabu huku wanamcheka moyoni.

Lakini kilichonigusa zaidi ni jambo jingine, ambalo yeye mwenyewe amelikiri katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka 1962, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Anasema alistaajabu kuona jinsi Waafrika aliokuwa nao walivyokuwa hodari wa kumjua mtu. Njia yao mojawapo ilikuwa kumwigiza: mwendo wake, mikono yake, namna anavyosema, mpaka unaona kama wamevaa ngozi yake.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mtu ambaye kitabu chake kimezaa mtihani wa tabia unaotumika duniani kote anafika Afrika Mashariki na kukuta wapagazi wanaomsoma mtu bila karatasi. Hawakuwa na swali la kuchagua hata moja. Walikuwa na moto wa jioni, na walikuwa wamebeba mzigo wa mtu yule siku nzima. Anayekubebea sanduku anajua kama unasema asante, kama unahesabu sukari, kama unaogopa giza.

Jambo hili halijafa. Nenda Mlima Meru na wagumu, kama wanavyojiita wabeba mizigo wa milimani. Jioni ya kwanza kule Miriakamba, wageni wakishaingia kulala, utaona ukumbi wa maigizo jikoni. Mmoja anakuwa mgeni anayepiga picha kila jani. Mwingine anakuwa yule anayeuliza kila dakika kumi kumebaki umbali gani. Na ukikaa sana utaona na bosi wa mjini anaigizwa, namna anavyoshika simu kwa vidole viwili huku mtu amesimama mbele yake anangoja hela. Wanacheka mpaka mpishi anawafukuza. Kesho yake wanajua nani atembee na mgeni gani, na hakuna aliyewafundisha.

Tuache mlima kidogo tushuke pwani, maana aina za watu hazikuletwa na Jung. Neno lenyewe, tabia, ni la Kiarabu, na lina asili moja na neno la Kiarabu la maumbile. Katika utabibu wa kale, ule wa Wayunani ulioendelezwa na Waislamu kama Ibn Sina, aliyefariki 1037, mwili wa mtu ulidhaniwa una maji manne: damu, belghamu, safura na sauda. Yakizidi ya aina moja, mtu anakuwa mkali, au mzito, au mchangamfu, au mwenye majonzi. Mafundisho hayo yalifika pwani yetu pamoja na vitabu na mashehe. Belghamu bado tunatema, na safura imebaki jina la ugonjwa wa kukosa damu. Na ndiyo maana mpaka leo tunasema tabia ya mtu na tabia ya nchi kwa neno moja: joto na baridi, ukavu na unyevu, vyote vilihesabiwa ndani ya mtu kama vinavyohesabiwa angani. Kwa hiyo mkufunzi akija na herufi zake nne na kusema ni maarifa mapya, mwambie babu wa babu yake sheikh wa Lamu alikuwa na maji yake manne.

Wakoloni nao walipenda aina, ila zao zilikuwa za makabila. Kabila hili la kukata mkonge, hili la askari, hili halifai kwa kazi yoyote. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika mtu alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na hapati ujira wake mpaka siku zitimie. Watu waliosafirishwa kutoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu ya namba. Jina la baba yako libaki kwenu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ambamo alilinganisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikatoa andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu wamenyang'anywa ardhi, daktari anatafuta kasoro vichwani mwao!

Huku kwetu, Novemba 1951, serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili eneo lile wapewe walowezi wafuge ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Hakwenda kueleza kwamba gavana ana hasira za karibu na Wameru ni watu wa kimya. Alikwenda kudai ardhi. Naomba msomaji aikumbuke tofauti hiyo kwa aya chache zijazo.

Arusha ni mji wa semina. Ukumbi wa AICC upo tangu miaka ya 1970, chuo cha mameneja cha ESAMI kipo, makao makuu ya Jumuiya yapo, mahakama ya Rwanda ilikaa hapa mpaka ikafungwa 2015. Kijana wa mji huu anajua harufu ya chai ya saa nne na maandazi ya semina kabla hajajua kazi. Mimi nilimaliza kidato cha sita, nikapata kibarua cha kutunza stoo ya mahema na majiko katika kampuni ya utalii ambayo sitaitaja. Mwaka jana tukaitwa semina ya siku mbili, wote, madereva, waongozaji, wapishi, wa ofisini. Kulikuwa na ugomvi wa muda mrefu kati ya ofisi na watu wa mlimani, na menejimenti ilisema dawa yake ni kujuana tabia.

Niseme haki. Kuna mahali mtihani ulitusaidia. Dada yetu wa uhasibu tulimdhania ana maringo kwa sababu anakula peke yake na hajibu utani. Herufi yake ya kwanza ikatoka ya mtu wa ndani, naye akatueleza, kwa sauti ndogo, kwamba kelele zinamchosha na mchana anahitaji nusu saa ya kimya ili asikosee hesabu za watu. Tangu siku ile hakuna anayemwita mringaji. Dereva mmoja na mwongozaji wake walikuwa wakigombana kila safari juu ya saa ya kuondoka. Wakagundua mmoja ni mtu wa ratiba na mwenzake ni wa siku itakavyokuja, wakacheka, wakakubaliana. Hiyo si kazi ndogo. Wanandoa wangapi wamekosa hata hilo?

Halafu ikaja ajenda yenyewe. Wagumu na wapishi walikuwa wanadai posho za safari tatu. Mpishi mmoja, mtu mzima, tulimwita Mzee ingawa mvi zake zilikuwa za kuhesabika, akasimama akasema. Mkufunzi akamsikiliza vizuri sana, akaandika ubaoni, kisha akatufafanulia kwamba hapa tunaona mgongano wa aina mbili: bosi ni mtu wa kufikiri kwa picha kubwa, na Mzee ni mtu wa vitu vya kushikika. Kila upande ujifunze kuongea lugha ya mwenzake. Bosi akatikisa kichwa kwa unyenyekevu. Watu wakapiga makofi, kwa mazoea.

Mzee akabaki amesimama. Akasema, "Mwalimu, asante. Lakini hata mimi nafikiria picha kubwa. Ada ya shule ni picha kubwa."

Ukumbi ukawa kimya kama kanisani Jumatatu.

Hapo ndipo niliporudi nyumbani nikaanza kutafuta habari zote hizi ninazokusimulia. Nilitaka kujua nani aliyesema kwamba ugomvi wa kazini ni ugomvi wa tabia. Wataalamu wengi wa saikolojia wamekwisha kuukosoa mtihani ule: mtu akirudia baada ya majuma machache mara nyingi anatoka na herufi nyingine, na hata kampuni inayouuza inasema usitumike kuchagua wa kuajiri. Lakini kwangu tatizo si hilo. Hata kama herufi zingekuwa sahihi kama mizani ya getini, zisingeniambia mfuko wa hela anaushika nani.

Nchi hii iliwahi kulizungumza suala la bosi kwa njia nyingine kabisa. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi makazini. Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kikakataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Tabia tupu, utasema. Ndiyo, ni tabia, ila angalia imewekwa wapi: imewekwa kwa mwenye cheo, na aliye chini amepewa ruhusa ya kuuliza. Wafanyakazi wakakishika kifungu kile kama tiketi ya basi. Kati ya 1971 na 1973 migomo ikafuatana viwandani, na mwanasheria Issa Shivji, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu matabaka Tanzania, ameonyesha kwamba mingi haikuwa ya mshahara. Ilikuwa ya kutukanwa na kudharauliwa. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walikishika kiwanda wenyewe. Serikali iliyoandika kifungu ikaona moto umekuwa mkubwa kuliko jiko, ikauzima. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa kibarua kiwandani enzi hizo, huniambia: "Siku zile bosi akikutukana, ulimsomea namba." Akishasema hivyo anacheka, halafu anakaa kimya muda mrefu.

Na kabla ya TANU, Waarusha wa miteremko ya Meru walikuwa na utaratibu wao. P. H. Gulliver, mtaalamu wa mila aliyeishi nao miaka ya mwisho ya 1950 na kutoa kitabu chake 1963, alieleza jinsi walivyomaliza magomvi bila hakimu wa kulazimisha hukumu. Mwenye shauri analipeleka kwa watu wa rika lake au wa ukoo wake, pande mbili zinakaa chini ya mti, kila upande una msemaji, laigwanani, na mazungumzo yanaendelea mpaka fidia ikubaliwe. Laigwanani anatazamwa tabia tangu ujana wake: ana hasira? ana upendeleo? anaweza kunyamaza? Kwa hiyo wazee nao walipima tabia, tena kwa miaka, si kwa asubuhi moja. Ila walimpima msemaji, ili shauri lisikike. Shauri lenyewe lilibaki kuwa la ng'ombe wangapi na mpaka wa shamba uko wapi. Sitaki kuupamba, wanawake hawakuwa na sauti pale chini ya mti, na mwenye ndugu wengi alikuwa na nguvu kuliko mpweke.

Mzee wetu ni Mwarusha wa Olmotonyi. Juma moja baada ya semina aliwakusanya wagumu, wapishi na waongozaji wawili nyuma ya stoo yangu. Hakuongea yeye. Walimchagua kijana mmoja mpole, mbeba mizigo, aliyejulikana kwamba hata akidaiwa kwa uongo hapandishi sauti. Mimi nikaombwa daftari la stoo, kwa sababu ndimo mlimokuwa na tarehe za kila safari na majina ya waliopanda. Wakaingia ofisini watu sita. Kijana akasoma tarehe, majina, siku, jumla. Bosi akaanza kusema habari za tofauti za mawasiliano. Kijana akangoja amalize, akasoma tena tarehe, majina, siku, jumla. Mara tatu. Dada wa uhasibu, yule mtu wa ndani, akasema bila kuinua macho kwamba hesabu ni sahihi.

Posho za safari mbili zililipwa wiki ile. Ya tatu ililipwa nusu, na nusu bado tunaidai mpaka naandika haya. Ila siku hizi nusu ya posho inatoka kabla gari halijaondoka mjini kwenda geti la Momella, na imeandikwa.

Nimeanza kuandika riwaya. Inatokea 1925, kwenye njia ya kutoka Kakamega kwenda Elgon, na msimulizi ni mpagazi. Jung aliwataja wachache tu kwa majina. Wengi wa waliombebea mahema, maboksi na kamusi hawamo katika kitabu chake. Nina sura mbili, na ya pili inanisumbua, kwa sababu sijui usiku ule motoni walimwigizaje. Alikuwa anakohoa? Alishika vipi ile kamusi? Msomaji wa Kakamega, Mbale au Eldoret mwenye bibi au babu aliyesikia lolote kuhusu msafara wa yule Mzee wa Kizungu aliyekuwa akiuliza watu ndoto zao, amwulize sasa. Na mwenye mzee aliyekuwepo kwenye migomo ya 1971 mpaka 1973, akae naye na daftari, alete kwenye kurasa hizi tusome.